Krediti Zimebaki: Je, Umalizie Shahada Nyingine? Mwongozo wa Kupiga Hesabu kwa Waliosoma Vyuo vya Marekani

Watu wengi waliopitia vyuo vya Marekani wana krediti zilizolala. Mmoja alianza uhandisi akahamia afya. Mwingine alisoma miaka miwili chuo cha jamii, akahama bila kuchukua cheti. Wa tatu alimaliza shahada ya kwanza akiwa na krediti 150 wakati zilizotakiwa ni 120. Siku akifungua transkripti na kujumlisha, anaona shahada nyingine iko karibu kuliko alivyodhani. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi sehemu kubwa ya krediti hizo haihesabiki kwenye shahada anayoitaka, na shahada yenyewe siyo karatasi anayodaiwa na mwajiri au bodi ya leseni. Jambo hili huamuliwa kwa namba, na namba hizo unaweza kuzipata zote kabla hujalipia hata somo moja.

Nani anaidai hiyo karatasi?

Anza hapa, kabla ya transkripti. Andika sentensi moja: nikiwa na shahada hii, fulani ataniruhusu kufanya jambo ambalo leo haniruhusu. Huyo fulani awe wa kutajika: bodi ya wauguzi ya jimbo lako, mwajiri mwenye tangazo la kazi, chuo cha uzamili, idara ya shule za wilaya. Ukikosa wa kumtaja, basi kinachokusukuma ni krediti tu, na krediti zilizokwisha kulipiwa hazirudishi fedha zake kwa kulipia nyingine.

Ukimpata, soma sharti lake kwa maneno yake mwenyewe. Mara nyingi utakuta hadai shahada ya pili (humu maana yake ni shahada nyingine ya ngazi ya kwanza, siyo uzamili). Anadai idadi ya krediti kwenye somo fulani.

Chukua uhasibu. Sharti lililozoeleka la leseni ya CPA, yaani mhasibu wa umma aliyeidhinishwa, ni krediti 150, ndani yake kukiwa na idadi maalumu ya masomo ya uhasibu na biashara. Sharti hilo halisemi shahada mbili. Siku hizi yapo majimbo, Ohio mojawapo, yaliyopitisha njia nyingine: shahada ya krediti 120 na miaka miwili ya kazi badala ya mmoja. Kazi za uhasibu za serikali kuu, kundi 0510, zinamkubali mwenye shahada ya fani ya jirani kama biashara au fedha akiwa na krediti 24 za uhasibu, na kati ya hizo hadi 6 zinaweza kuwa za sheria ya biashara. Mtu wa namna hiyo aliye na baadhi ya krediti hizo tayari, akisoma masomo manne matano anaweza kufika, wakati shahada kamili ya pili ingemchukua miaka.

Walimu wana jambo lao. Wilaya nyingi zina ngazi za mshahara kama shahada ya kwanza na krediti 15 juu yake, au 30 juu yake. Unaposikia hivyo unaona krediti zako za zamani zimepata kazi. Lakini wilaya nyingi huhesabu tu krediti zilizosomwa baada ya siku ya kutunukiwa shahada, na hutaka kibali kabla ya somo kuanza. Za kabla ya mahafali hazikupandishi ngazi.

Uuguzi ni kinyume chake. Hapo bodi inadai programu kamili iliyoidhinishwa, na krediti za baiolojia peke yake hazikufikishi popote. Mwenye shahada ya fani nyingine anaweza kuingia programu ya kasi ya shahada ya uuguzi, inayokwenda kwa takriban miezi 12 hadi 18, na krediti zake za zamani humsaidia kwenye masomo ya kujiandaa tu. Huko nako kuna mtego: anatomia, fiziolojia, mikrobaiolojia na kemia huchakaa. Vyuo vingi vinataka ziwe za miaka mitano au saba iliyopita.

Kusanya transkripti zote, hata za aibu

Agiza transkripti rasmi kutoka kila chuo ulichowahi kuandikishwa, hata kama ulisoma muhula mmoja ukaacha. Vyuo vingi hupitisha maombi kwenye mitandao ya Parchment au National Student Clearinghouse, na gharama huwa ni dola chache kwa nakala. Usiruke chuo ulikopata F. Fomu ya maombi hukutaka utaje vyote, na kuficha kimoja kunaweza kufuta udahili wako baadaye.

Ukikuta chuo kimezuia transkripti kwa sababu ya deni, usikate tamaa haraka. Tangu 1 Julai 2024 kanuni za serikali kuu zinakitaka chuo kitoe transkripti inayoonyesha mihula uliyopokea msaada wa serikali na ambayo gharama zake zote zimelipwa. Deni la muhula mmoja halifungi tena mihula yote. Kama chuo kilifungwa kabisa, kumbukumbu zake kwa kawaida huhifadhiwa na idara ya elimu ya juu ya jimbo husika, au chuo kingine kilichokabidhiwa.

Pamoja na transkripti, tafuta silabasi za zamani: barua pepe, diski ya zamani, profesa, maktaba ya chuo. Silabasi ndiyo hubadilisha jibu la "somo hili tunalihesabu kama la hiari" kuwa "somo hili linashika nafasi ya letu". Bila hiyo ofisi huamua kwa jina la somo tu, na majina hudanganya.

Waliosoma Afrika Mashariki wanahitaji tathmini ya somo kwa somo, si ile ya jumla inayosema tu kwamba shahada yako ni sawa na ya Marekani. WES na ECE ni mashirika yanayotumika sana, yote mawili wanachama wa NACES, muungano wa mashirika ya tathmini. Uliza kwanza chuo unachokitaka kinapokea tathmini ya nani, maana ukikosea unalipa mara mbili. Na usilinganishe namba kwa macho. Mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, huhesabu krediti moja kwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima ni krediti 120. Krediti moja ya Marekani ni takriban saa 45, na mwaka ni krediti 30. Ukilinganisha mwaka kwa mwaka, mwenye krediti 360 za Tanzania ana kiasi cha 90 za Marekani, kama zote zitapokelewa.

Leta namba zote kwenye kipimo kimoja

Vyuo vingi hutumia krediti za muhula. Baadhi, hasa majimbo ya magharibi, hutumia krediti za robo mwaka. Zidisha za robo kwa mbili, gawa kwa tatu. Somo la krediti 5 za robo linakuwa 3.33. Hapo ndipo mtu hupungukiwa na sehemu ndogo ya krediti: chuo kinadai masomo mawili ya krediti 3, jumla 6, wewe una mawili ya krediti 4 za robo, yaani 5.33. Vyuo vingine husamehe upungufu kama maudhui yametimia, vingine vinakudai somo zima. Uliza mapema.

Sasa tengeneza jedwali. Safu zake: jina la somo na namba yake, chuo, mwaka, krediti za muhula, alama, limetumika wapi. Safu ya mwisho ndiyo yenye uamuzi. Krediti iliyokwisha kushikilia shahada ya kwanza siyo krediti iliyobaki, ingawa chuo kinaweza kuiruhusu itimize sharti la somo kwenye shahada ya pili.

Chuja

Krediti hupita chujio nne. Watu wengi huishia kwenye la kwanza wakadhani wamemaliza.

La kwanza ni ithibati. Chuo kilichotoa krediti kiwe na ithibati inayotambuliwa. Kwa vyuo vya kawaida majina ya mashirika ya ithibati utakayokutana nayo ni HLC, MSCHE, NECHE, NWCCU, SACSCOC na WSCUC. Krediti za vyuo vya ufundi vyenye ithibati ya aina nyingine hukataliwa na vyuo vikuu vingi.

La pili ni alama. Chuo kinaweza kupokea D kama krediti ya jumla, lakini idara ya fani ikadai C au zaidi kwa masomo yake. Krediti inaonekana kwenye jumla, sharti linabaki wazi. Kumbuka pia kwamba krediti zinazohamishwa huja bila GPA: alama zako nzuri za zamani hazitapandisha wastani wako mpya. Wanaotaka uuguzi au udaktari wajue programu hizo mara nyingi hurudi kuhesabu alama za vyuo vyote.

La tatu ni ngazi. Shahada ya kwanza hudai krediti nyingi za ngazi ya juu, masomo yenye namba za 300 na 400, mara nyingi kati ya 30 na 45. Karibu krediti zote za chuo cha jamii ni za ngazi ya chini, 100 na 200. Unaweza kuwa na krediti 100 mkononi na bado ukawa na mwaka na nusu mbele yako.

La nne ndilo linaloumiza zaidi: krediti za hapohapo. Karibu kila chuo kinataka idadi fulani isomwe kwake. Kwa shahada ya miaka minne mara nyingi ni 30, kwa ile ya miaka miwili, yaani associate, ni kama 15. Kwa shahada ya pili ya ngazi ya kwanza, sharti la kawaida ni krediti 30 mpya baada ya ile ya awali, hata kama fani yenyewe imebakiza masomo manne. Hapa lazima uelewe tofauti ya vitu viwili: fani mbili ndani ya shahada moja, na shahada mbili. Fani mbili hazidai krediti 30 za ziada. Unatimiza masomo ya fani zote mbili na unapata cheti kimoja. Ndiyo maana aliye bado chuoni na hajatunukiwa ana nafasi nzuri kuliko aliyekwisha kuvaa joho.

Mfano, somo kwa somo

Tuseme mtu ana shahada ya sosholojia iliyotumia krediti 120. Pembeni ana nyingine 34: 15 za chuo cha jamii, 20 za robo mwaka ambazo ni 13.3, na 6 za mtihani wa Kifaransa wa CLEP, mitihani inayokupa krediti bila kusoma somo darasani. Anataka shahada ya pili ya uhasibu.

Za chuo cha jamii ni masomo matano. Uandishi wa Kiingereza alilirudia chuo kikuu, kwa hiyo ni marudio, halimo. Takwimu limo. Utangulizi wa uhasibu wa fedha limo. Uhasibu wa menejimenti alipata D, idara inadai C, halimo. Sanaa halina pa kukaa. Zimebaki 6. Za robo mwaka zina somo moja la uchumi, 3.3, limo. Mengine matatu ni ya kemia, hayana nafasi kwenye biashara. Kifaransa kingetimiza masomo ya msingi ya jumla, lakini hayo shahada ya kwanza imeshayafunika.

Krediti 34 zimekuwa 9. Kama fani na msingi wake wa biashara vinadai 54, amebakiza 45. Akisoma masomo mawili kila muhula pamoja na kiangazi, anatembea na mihula minane, zaidi kidogo ya miaka miwili na nusu. Kwa ada ya dola 350 kwa krediti, ni dola 15,750 kabla ya ada ndogondogo na vitabu.

Lakini lengo lake lilikuwa CPA. Kwa bodi, 120 na 34 ni 154. Ukiondoa somo lililorudiwa bado yupo juu ya 150. Krediti zilezile ambazo chuo kilizikataa zinaweza kutimiza hesabu ya bodi, kwa kuwa bodi inatafuta jumla kutoka vyuo vyenye ithibati, na chuo kinatafuta masomo ya fani. Kilichobaki ni masomo ya uhasibu na biashara yanayodaiwa na bodi ya jimbo lake, ambayo anaweza kuyapata kwenye cheti cha uhasibu cha baada ya shahada. Shahada ya pili haihitajiki. Akiulizia tu chuo, angejibiwa kuhusu shahada, kwa sababu hilo ndilo aliloulizia.

Fedha

Ruzuku ya Pell ya serikali kuu kwa kawaida haitolewi kwa mwenye shahada ya kwanza, hata kama kipato chake ni kidogo. Kwa hiyo mpangilio una maana kubwa: kama unataka fani ya pili na unategemea Pell, ikamilishe kabla hujatimiza masharti yote ya shahada ya kwanza na kutunukiwa. Kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 kilikuwa dola 7,395, na kikomo cha maisha ni asilimia 600, sawa na mihula 12 ya kusoma kikamilifu. Angalia ulichobakiza kwenye akaunti yako ya studentaid.gov.

Mikopo ya serikali ya shahada ya kwanza inaendelea kupatikana kwa shahada ya pili, lakini ndani ya kikomo kilekile cha jumla: dola 57,500 kwa mwanafunzi anayejitegemea, na kati ya hizo zisizozidi 23,000 ni za riba nafuu (subsidized), ambazo riba yake serikali huilipa ukiwa masomoni. Anayefikiria uzamili ajue kuwa sheria iliyopitishwa Julai 2025 inafunga mikopo ya Grad PLUS, mikopo ya serikali ya wanafunzi wa uzamili, kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026.

Mtego ambao huwashika hasa wenye krediti nyingi ni kipimo cha maendeleo ya masomo, SAP. Msaada wa serikali husimama ukivuka asilimia 150 ya urefu wa programu. Kwa programu ya krediti 120, ukomo ni krediti 180 zilizojaribiwa, yaani ulizojiandikisha hata kama hukufaulu, na krediti za zamani zilizopokelewa nazo huhesabiwa. Mtu aliyeingia na 154 zikapokelewa zote amebakiza 26 tu kwenye kipimo hicho, wakati huenda amebakiza 45 kwenye masomo. Vyuo vingi vina utaratibu wa rufaa au hesabu mpya kwa shahada ya pili. Ulizia maandishi ya utaratibu huo kabla ya kujiandikisha, kwa sababu barua ya kusimamishiwa msaada huja katikati ya safari.

Msaada pia hulipia tu masomo yanayohesabika kwenye programu uliyoandikishwa. Ukichukua somo la nje ya ukaguzi wa shahada yako, halihesabiwi kwenye mzigo wako. Unadhani una krediti 6 na uko nusu-muda, kumbe kwa ofisi ya fedha una 3, na mkopo hautoki.

Kwa upande wa ahueni: mwajiri anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi. Hospitali nyingi na kampuni kubwa za maghala hufanya hivyo, ila soma mkataba: wengi hutaka ubaki kazini mwaka mmoja au miwili baada ya malipo, la sivyo urudishe. Punguzo la kodi la Lifetime Learning Credit ni asilimia 20 ya gharama hadi dola 10,000, yaani dola 2,000 kwa juu kabisa, na halihitaji uwe unasoma kwa muda wote. Kwa asiye na ndoa linaanza kupungua kipato kikifika dola 80,000 na kuisha kwenye 90,000.

Mwenye mikopo ya zamani akijiandikisha nusu-muda, kwa kawaida krediti 6, marejesho husimamishwa yenyewe. Ni nafuu, lakini riba ya mikopo isiyo ya nafuu inaendelea kukua. Anayehesabu malipo 120 ya msamaha wa mikopo wa watumishi wa umma anapoteza miezi hiyo, isipokuwa aandike kukataa usimamishaji.

Wenye visa ya mwanafunzi, F-1

Hapa kosa ni ghali. OPT, kibali cha kufanya kazi kwenye fani uliyosomea, ya miezi 12 hutolewa mara moja kwa kila ngazi ya elimu. Shahada ya pili ya ngazi ya kwanza haikuletei OPT mpya kama uliitumia ya mwanzo, uzamili unaleta. Kwa shahada ya kwanza lazima ubebe mzigo kamili, krediti 12 kwa muhula, na kwenye mzigo huo ni somo moja tu la mtandaoni, au krediti 3, linalohesabika. Mpango wa kumalizia taratibu kwa mtandao, somo mojamoja, haufai kwa mwenye F-1. Zungumza na ofisa wa wanafunzi wa kimataifa kabla ya kubadilisha programu, si baada.

Kuziba mapengo kwa bei ndogo

Mtihani wa CLEP ni chini kidogo ya dola 100, pamoja na ada ya kituo, na shirika la Modern States hutoa vocha za bure kwa anayemaliza kozi zake za mtandaoni. Kwa wanaotoka Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura au Kigali waliosoma kwa Kifaransa, CLEP ya Kifaransa ni zawadi iliyolala: pendekezo la ACE, baraza la elimu la Marekani linaloshauri vyuo kuhusu krediti, ni krediti 6 kwa alama 50 na krediti 9 kwa alama 59. Kiswahili hakimo kwenye CLEP, lakini mtihani wa mazungumzo wa ACTFL, shirika la walimu wa lugha la Marekani, upo kwa Kiswahili na matokeo yake rasmi yana mapendekezo ya krediti ya ACE. Pendekezo siyo amri. Chuo huamua, na vingine haviwapi krediti za lugha waliozaliwa nayo. Ulizia kabla ya kulipa, na ulizia pia kama krediti hizo zina pa kukaa kwenye shahada yako. Kama mfano wetu ulivyoonyesha, krediti rahisi isiyo na nafasi haisaidii kitu.

Mitihani ya CLEP hutoa krediti za ngazi ya chini na kwa kawaida haihesabiki kwenye sharti la hapohapo. Kazi yake ni kuziba masomo ya msingi ya jumla.

Kama huna shahada yoyote bado

Uamuzi wako ni mwepesi zaidi. Ulihama chuo cha jamii na krediti 45, sasa una 80 chuo kikuu? Ulizia uhamisho wa kurudi: chuo kikuu hutuma krediti zako kwa chuo cha jamii, nacho hukutunuku associate bila kusoma tena, mradi ulitimiza zile 15 za kwake. Majimbo mengi yana mpango huo. Ifanye hata kama unaendelea na miaka minne, kwa sababu maisha yakikusimamisha utakuwa na cheti mkononi. Florida na Texas zina sheria za kumtoza zaidi mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayevuka idadi fulani ya krediti, kwa hiyo huko usiongeze masomo ya kujifurahisha. Mwenye krediti nyingi zilizotawanyika aangalie pia vyuo vilivyojengwa kwa watu wa aina yake, kama Thomas Edison State University, Charter Oak State College na Excelsior University.

Maswali ya kutuma kwa barua pepe

Usiulize kwa simu. Jibu la mdomo halikusaidii mshauri akibadilika, na washauri hubadilika kila mwaka. Tuma kwa mshauri wa idara ya fani, nakala kwa ofisi ya msajili:

1. Nikiingia muhula huu, ni masomo gani hasa nitakuwa nimebakiza? Naomba ukaguzi wa shahada ulioandikwa, siyo makadirio.
2. Ni krediti ngapi lazima nizisome kwenu, na ngapi za ngazi ya juu?
3. Nitafuata katalogi ya mwaka gani, na nikikosa muhula mmoja nitabaki kwenye hiyohiyo?
4. Masomo niliyobakiza hufundishwa mihula gani? Je, yapo ya jioni au ya mtandaoni?
5. Kwa shahada ya pili, SAP inahesabiwaje?

Swali la nne huachwa na wengi, nalo ndilo huongeza mwaka mzima. Somo la mwisho la fani hufundishwa labda majira ya kuchipua tu, saa nne asubuhi, na lina somo la kulitangulia linalofundishwa majira ya vuli tu. Krediti 12 zinaweza kuchukua miezi 18 kwa sababu hiyo, hata ukiwa na fedha zote.

Kukata shauri

Ukipata ukaguzi wa maandishi, angalia kilichobaki, usiangalie ulicho nacho. Ikiwa umebakiza krediti 15 au pungufu na kuna mtu anaidai karatasi hiyo, malizia. Ikiwa umebakiza 16 hadi 30, weka pembeni yake programu ya uzamili: nyingi zina krediti 30 hadi 36, na mwenye uzamili amepanda ngazi wakati mwenye shahada mbili za kwanza amebaki ngazi ileile. Programu nyingi za uzamili huwapokea watu wa fani nyingine kwa kuwadai masomo machache ya kujiandaa, na hapo krediti zako za zamani zinaweza kupata kazi. Juu ya 30, tunaona shahada ya pili ya ngazi ileile inafaa karibu tu pale leseni inapodai programu kamili, kama uuguzi. Kwa mengine, tazama cheti cha krediti 12 hadi 30.

Anayekusudia kurudi nyumbani aweke jambo moja zaidi kwenye mizani. Tanzania, TCU ndiyo hutathmini tuzo za nje. Kenya, kuna CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu. Associate haina mlinganisho wa wazi kwenye ngazi zetu, hivyo usiisomee kwa kutegemea itakupa kazi Dar es Salaam au Nairobi.

Ukishaamua kuendelea

Omba udahili kama mwanafunzi wa shahada ya pili, siyo kama msikilizaji asiye na programu, la sivyo msaada wa fedha hautafunguka. Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu, hata kama Pell haikuhusu, maana mikopo na baadhi ya ruzuku za jimbo hupitia humo. Krediti zako zikipokelewa, pitia ripoti mstari kwa mstari na ukate rufaa kwa silabasi ndani ya wiki za mwanzo, kabla hujasoma tena somo ulilokwisha kulisoma. Anza na masomo yanayofundishwa mara moja kwa mwaka, yale ya kila muhula yatakusubiri.

Na shahada haijitoi yenyewe. Kuna fomu ya kuomba kuhitimu yenye tarehe ya mwisho mapema, mara nyingi mwanzoni mwa muhula wa mwisho au hata muhula mmoja kabla. Ukiichelewa unasogezwa hadi muhula unaofuata ingawa masomo yameisha. Baada ya kutunukiwa, agiza transkripti mpya na uhakikishe tarehe ya shahada imeandikwa kabla hujaituma kwa bodi au mwajiri, kwani nakala iliyotoka wiki moja kabla itaonyesha masomo yote bila shahada.